Umealikwa ubatizo kwenye parokia ya Misa ya Kilatini nawe si Mkatoliki? Haya ndiyo niliyoyaona Texas

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Tunaoishi ughaibuni tumeanza kupata mialiko ambayo nyumbani tusingeipata. Rafiki yangu, mwenyeji wa Bukoba aliyeoa huku Marekani, alinialika kwenye ubatizo wa binti yake katika parokia moja ya mji wa Irving, jirani na Dallas, ambako Misa na sakramenti zote hufanywa kwa taratibu za Kilatini zilizokuwa zikitumika kabla ya Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikani, ule mkutano wa maaskofu Wakatoliki wa dunia nzima. Mimi ni Mlutheri, nimebatizwa na kupata kipaimara katika KKKT, na ubatizo niliouzoea ni ule wa Jumapili kubwa, wenye kwaya na vigelegele, ambapo mchungaji hubatiza watoto mmoja baada ya mwingine huku mwinjilisti akimsomea majina. Nilichokiona kule kilikuwa na mpangilio wa aina nyingine, na kwa kuwa wapo humu watakaoalikwa kama mimi, naomba mnivumilie niandike kwa kirefu.

Nianze na aina ya parokia, maana watu huchanganya. Jumuiya ya Mtakatifu Pio wa Kumi ilianzishwa mwaka 1970 na Askofu Mkuu Marcel Lefebvre, Mfaransa aliyekuwa mmisionari Gabon na baadaye askofu mkuu wa Dakar. Tarehe 30 Juni 1988 aliwaweka wakfu maaskofu wanne bila idhini ya Papa Yohane Paulo wa Pili, na tangu hapo hali ya jumuiya hiyo mbele ya sheria za Kanisa imekuwa na utata. Baadhi ya mapadre wake hawakukubaliana na hatua ile, wakajitenga, na mwezi Julai mwaka huohuo wakaanzisha Udugu wa Kipadre wa Mtakatifu Petro, ambao hutumia liturujia ileile ya zamani ukiwa chini ya utii kwa Roma. Parokia niliyoitembelea inahudumiwa na hawa wa pili. Mwaka 2021 Papa Fransisko, kwa waraka wake Traditionis custodes, aliyabana sana matumizi ya Misa ya zamani, lakini mwezi Februari 2022 akauruhusu Udugu huo kuendelea na vitabu vyake vya kale. Nayasema haya kwa sababu mgeni asiyeyajua anaweza kudhani ameingia kanisa lililojitenga na Papa, na akalisema hilo mezani wakati wa chakula, mbele ya watu ambao utii wao kwa Papa umewagharimu sana.

Jambo la pili linahitaji kumalizwa kabla hujanunua hata tiketi ya ndege, nalo ni nafasi yako katika ibada yenyewe. Rafiki yangu alitaka niwe baba wa ubatizo. Paroko wake alimweleza kwa upole kwamba haiwezekani, na si kwa sababu ya ukali wa wapenda mapokeo, kwani sheria hiyo ni ya Wakatoliki wote: kanuni ya 874 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inataka msimamizi awe Mkatoliki aliyepata kipaimara, mwenye umri wa miaka 16 au zaidi, asiwe mzazi wa mtoto, na awe na mwenendo unaolingana na imani. Mkristo aliyebatizwa katika kanisa jingine anaruhusiwa kusimama kama shahidi, ilimradi awepo msimamizi Mkatoliki pamoja naye. Kwa hiyo mama wa ubatizo akawa binamu wa mke wa rafiki yangu, nami nikaandikwa kwenye daftari kama shahidi. Wapo wanaokasirika wakielezwa hivyo. Mimi niliona ni haki kabisa, na baada ya kuisikia ibada nikaona zaidi, kwa sababu msimamizi hujibu kwa kinywa chake kila swali analoulizwa mtoto, na maswali yale hayaachi pa kujificha.

Sasa niingie kwenye ibada.

Ubatizo haukufanyika ndani ya Misa. Ulifanyika baada ya Misa, watu wengi wakiwa wameshatoka, na haukuanzia mbele, ulianzia mlangoni. Tulisimama barazani, mlango wa ndani ukiwa umefungwa, mama wa ubatizo akiwa amempakata mtoto, na padre akatoka kutujia akiwa amevaa stola, kile kitambaa kirefu cha shingoni, ya zambarau, rangi ya toba. Akamuuliza mtoto, akimwita kwa jina lake: unaomba nini kwa Kanisa la Mungu? Mama wa ubatizo akajibu: imani. Imani inakupatia nini? Uzima wa milele. Wakatoliki mliozoea utaratibu uliotolewa mwaka 1969 mtakumbuka kwamba siku hizi swali hilo huelekezwa kwa wazazi, nao aghalabu hujibu kwamba wanaomba ubatizo. Katika utaratibu huu wa zamani wazazi hawaulizwi lolote. Rafiki yangu na mkewe walisimama nyuma yetu tangu mwanzo hadi mwisho wakiwa kimya, na anayesemeshwa wakati wote ni kitoto kisichojua hata jina lake.

Kisha padre aliinama akampulizia mtoto usoni pumzi nyepesi mara tatu, akimwamuru pepo mchafu atoke na kumpisha Roho Mtakatifu. Akamchora msalaba kwenye paji la uso na kifuani, akaweka mkono juu ya kichwa chake na kuomba. Halafu ikaja chumvi. Ilikuwa kwenye kisahani kidogo cha fedha, tayari imeombewa, na padre alichukua chembe chache kwa ncha za vidole akaziweka mdomoni mwa mtoto akimwambia apokee chumvi ya hekima. Mtoto alikuwa amelala muda wote huo. Alifumbua jicho moja, akakunja uso wote kwa mara moja, akatoa ulimi na kuurudisha, kisha akaangua kilio ambacho hakikukatika mpaka tulipofika kisimani, penye maji ya ubatizo. Padre hakupandisha sauti wala hakuharakisha. Aliendelea kusoma sala ya kumfukuza Shetani kana kwamba kilio kile ni sehemu ya kitabu, na ukisikiliza maneno ya sala ile, ambamo pepo anaitwa aliyelaaniwa na kuagizwa asithubutu kamwe kuivunja ishara ya msalaba iliyowekwa kwenye paji lile, hushangai sana kwamba kuna mtu analia.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa. Padre aliweka ncha ya stola yake juu ya mtoto, mfano wa mtu anayemshika mgeni mkono, akamwambia aingie katika hekalu la Mungu, na sote tukamfuata ndani tukisali kwa sauti Nasadiki na Baba Yetu. Kabla ya kufika kisimani tulisimama tena. Sala nyingine ya kupunga pepo. Padre akagusa masikio na pua za mtoto akitamka neno lile la Bwana Yesu katika Injili ya Marko, efata, yaani funguka. Ndipo maswali mazito yakaja: unamkataa Shetani? Na kazi zake zote? Na fahari zake zote? Kila mara mama wa ubatizo alijibu, na sauti yake ilishuka kidogo kila alipojibu. Mtoto akapakwa mafuta ya wakatekumeni, yaani ya wanaoandaliwa kubatizwa, kifuani na kati ya mabega, padre akayafuta kwa pamba, kisha akaigeuza stola yake. Nilikuwa nimesimama karibu nikaona vizuri: upande mmoja ni zambarau, upande wa pili ni mweupe. Kuanzia hapo hakuna tena neno lolote la kumtaja Shetani.

Kisimani mambo yalikwenda haraka. Unamsadiki Mungu Baba Mwenyezi? Unamsadiki Yesu Kristo? Unamsadiki Roho Mtakatifu? Nasadiki, mara tatu. Wataka kubatizwa? Nataka. Maji yakamiminwa kichwani mara tatu kwa mfano wa msalaba, kwa maneno yaleyale tunayoyajua sote, ila kwa Kilatini. Krisma takatifu, yaani mafuta yaliyobarikiwa na askofu, utosini, kitambaa cheupe, mshumaa unaowaka, na neno la kumwambia aende kwa amani. Kwa kukadiria tu, njia ya kutoka mlangoni hadi kisimani ilichukua sehemu kubwa zaidi ya ibada kuliko kisima chenyewe.

Nilipofika nyumbani nilikwenda kusoma, na kilichonishangaza ni kukuta mambo mengi ya pale katika historia ya kanisa langu. Martin Luther alipotoa kwa mara ya kwanza utaratibu wa ubatizo kwa Kijerumani, mwaka 1523, aliitafsiri ibada hii hii karibu yote: kupuliza, chumvi, kupunga pepo, efata, mafuta, kitambaa cheupe, mshumaa. Aliongeza sala yake ya gharika, inayotaja Nuhu na Bahari ya Shamu. Mwaka 1526 alipunguza mengi, akaiondoa chumvi na mafuta, lakini amri ya kumtoa pepo mchafu na maswali ya kumkataa Shetani aliyaacha. Maana yake ni kwamba Mlutheri anayesimama mlangoni pale na kuona kila kitu ni cha kigeni, anavishangaa vitu vilivyokuwa vya babu zake wa imani pia. Kwa maoni yangu tulipoteza kitu tulipoacha kuanzia mlangoni. Sisemi turudishe chumvi, ila kile kitendo cha kumkuta mtoto nje na kumwingiza kinaeleza ubatizo kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia.

Kuhusu Misa yenyewe nitasema machache. Padre huelekea altare pamoja na watu, sehemu kubwa husaliwa kwa sauti ya chini, na utapotea; usijali, hata baadhi yao hupotea. Kuna vijitabu vyenye Kilatini upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Wakisimama simama, wakipiga magoti piga au keti kwa heshima. Komunyo hupokelewa kwa kupiga magoti na mdomoni tu, na asiye Mkatoliki hubaki kwenye benchi. Desturi ya kwenda mbele na kukunja mikono kifuani ili upewe baraka, iliyozoeleka katika parokia nyingi za huku, mahali pengi pa mapokeo haipo, kwa hiyo ni salama zaidi kubaki ulipo. Hakuna atakayekutazama.

Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji wa kwanza: Asante kwa uzi, mkuu. Nimealikwa mimi na mke wangu, naye ameambiwa kwamba wanawake wote hufunika vichwa na kwamba suruali haziruhusiwi. Je, akifika bila mtandio atarudishwa? Na zawadi wanapeleka nini?

Mleta uzi: Hatarudishwa, ndugu. Mlangoni kulikuwa na kikapu cha mitandio ya kuazima, na niliona wanawake kadhaa waliokaa vichwa wazi bila kusemeshwa na mtu yeyote. Hata hivyo wengi walijifunika, wengi walivaa sketi au gauni linalopita magoti, na wanaume karibu wote walivaa koti na tai. Mkeo akivaa kitenge chake cha heshima na kilemba atakuwa amevaa vizuri kuliko nusu ya kanisa. Zawadi za kawaida ni rozari, medali, misale (kitabu cha sala za Misa) ya watoto au picha takatifu. Ukipeleka nguo za mtoto au bahasha pia hawatazikataa. Jambo moja ambalo hukutaja ni watoto: familia zile zina watoto wengi, wanalia, wanatambaa chini ya mabenchi, na hakuna anayewakodolea macho wazazi wao. Mkiwa na wadogo wenu nendeni nao.

Mchangiaji wa pili: Mimi ni Mkatoliki wa Kagera na nimesoma kwa furaha, ila naomba niongeze jambo ambalo mleta uzi hakulitaja. Hicho mnachokiita cha kigeni ndicho walichobatiziwa babu na bibi zetu. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipoanza kazi Bagamoyo mwaka 1868, na Wamisionari wa Afrika waliposambaa kuzunguka Ziwa Viktoria miaka kumi hivi baadaye, kitabu walichokuwa nacho ni hikihiki. Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kuwa kardinali, alibatizwa mwaka 1921 akiwa mtoto, pamoja na wazazi wake, na chumvi aliyopewa ndiyo hiyo. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akituambia kwamba mtu asiyelamba chumvi siku ile hakubatizwa sawasawa, jambo ambalo kwa mafundisho si kweli, lakini linaonyesha ni kipi walikikumbuka. Daftari za zamani za parokia zetu ziliandikwa kwa Kilatini, ndiyo maana wazee wengine vyeti vyao vinasoma Josephus na Paulus.

Mleta uzi: Nakushukuru sana. Rafiki yangu aliniambia kitu cha kufanana: alipompigia mama yake simu kumsimulia, mama hakushangazwa na lolote, aliuliza tu kama padre alikuwa na stola ya zambarau.

Mchangiaji wa tatu: Kwa heshima zote, mimi ni mlokole na maelezo haya yamenitia wasiwasi. Kupuliza, chumvi, mafuta mgongoni, na nimesikia hata mate. Tofauti yake na mambo ya waganga wetu ni ipi? Mtoto mchanga ana pepo gani?

Mleta uzi: Swali ni halali na sitalikwepa. Mate yametoka katika Marko 7, pale Bwana Yesu alipotema mate, akamgusa ulimi bubu kiziwi na kusema efata. Kitabu kinamruhusu padre kuyaacha kwa ajili ya usafi, na yule wa kwetu aliyaacha, akagusa kwa kidole kitupu. Kupuliza kumetoka Yohana 20, ambako Yesu mfufuka aliwavuvia wanafunzi. Kuhusu pepo, hawafundishi kwamba mtoto amepagawa. Wanafundisha kwamba kila mwanadamu huzaliwa katika dhambi ya asili, na kwamba kumhamisha mtu kutoka utawala mmoja kwenda mwingine ni jambo la kutamkwa waziwazi. Unaweza kulikataa fundisho hilo, na wewe kama mlokole najua hukubali hata kubatiza watoto, lakini tofauti na mganga ni kubwa: hakuna siri, kila neno limechapishwa na kila mtu anaweza kulisoma, hakuna malipo yanayodaiwa ili dawa ifanye kazi, na hakuna anayeelekezwa kumtafuta mbaya wake kwa jirani.

Mchangiaji wa nne: Mleta uzi, umesema wazazi hawaulizwi lolote. Mama wa mtoto hana nafasi yoyote basi? Hilo limenigusa, kwa sababu mimi nilikaa nje kwenye ubatizo wa mwanangu wa kwanza.

Mleta uzi: Ana nafasi yake, dada, ila ilikuja baadaye. Baada ya ubatizo kwisha, padre alirudi mlangoni, na safari hii aliyepiga magoti pale ni mama mzazi, akiwa ameshika mshumaa unaowaka. Padre alimwombea zaburi, kisha akampa ncha ya stola aishike, akamwingiza kanisani hadi mbele ya altare, ambako alipiga magoti kumshukuru Mungu kwa kujifungua salama, akabarikiwa. Wapo wanaodhani ni utakaso, kana kwamba mama ni najisi. Maneno ya kitabu ni ya shukrani na baraka, na wala si lazima, mama huomba mwenyewe akitaka. Zamani, kwa kuwa watoto walibatizwa siku chache tu baada ya kuzaliwa, mama mara nyingi alikuwa bado kitandani, na ndiyo sababu ubatizo wenyewe ulipangwa bila kumtegemea. Mpaka leo parokia hizi hazipendi kuchelewesha. Mtoto wa rafiki yangu alikuwa hajafikisha hata mwezi.

Mchangiaji wa tano: Nina jambo linalonisumbua. Mtoto wetu alizaliwa kabla ya wakati, na usiku ule hospitalini mama mkwe, ambaye ni Mkatoliki, alimmwagia maji na kumbatiza yeye mwenyewe. Sasa mtoto ni mzima na tunataka kumpeleka parokia kama hiyo. Je, atabatizwa upya? Na tuseme au tunyamaze?

Mleta uzi: Semeni, tena kabla ya siku yenyewe. Katika hatari ya kifo mtu yeyote anaweza kubatiza, akitumia maji na maneno yenyewe, akiwa na nia ya kufanya lifanywalo na Kanisa. Hata Kizito, mdogo kuliko wote kati ya mashahidi wa Uganda, alibatizwa hivyo na Karoli Lwanga huko Munyonyo, usiku wa kuamkia safari ya kwenda Namugongo, Mei 1886. Ubatizo wa namna hiyo haurudiwi. Padre atamuuliza mama mkwe alitamka nini na maji yaligusa wapi. Akiridhika, atamtimizia mtoto sherehe zilizobaki, mlango, chumvi, mafuta, kitambaa na mshumaa, bila kumwagia maji tena. Akiwa na shaka ya kweli, atambatiza kwa masharti, akianza na maneno "kama hujabatizwa". Mwombeni mama mkwe aandike leo hii tarehe, mahali na maneno aliyotumia, na kama alikuwepo muuguzi aliyeona, jina lake pia, kwa sababu hayo ndiyo yatakayoingia kwenye daftari la parokia.